John Deacon alisimama pembeni, lakini hakuwa pembeni: jibu kwa mpiga besi wa kwaya

*"Shikamoo Mwalimu. Nina miaka 23 na huu ni mwaka wa tatu napiga gitaa la besi katika kwaya ya kanisani kwetu. Ibada ikiisha watu humpongeza mpiga solo na mpiga kinanda, mimi hakuna anayenisemesha, na juzi mwenzangu mmoja alisema mbele ya wote kwamba besi hupewa asiyeweza solo. Nilitazama filamu ya mwaka 2018 kuhusu bendi ya Queen nikamwona mpiga besi wao, John Deacon, naye yupo yupo tu. Nikazitafuta nyimbo zao kwenye simu, lakini besi yenyewe sikuisikia vizuri. Je, huyo bwana alikuwa na mchango wowote wa kweli, au alibahatika tu kuwa na wenzake wakubwa? Na mimi nihamie solo ningali kijana? Siku hizi naongeza sauti ya amplifaya ili nisikike, ila natoka ibadani masikio yakivuma mpaka jioni."*

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, kwa sababu umeuliza mambo mawili waziwazi na la tatu umelipitisha mwishoni kana kwamba ni dogo. Umeuliza kama Deacon alikuwa na mchango, na umeuliza kama na wewe unao, ingawa hukulisema hivyo. La masikio yanayovuma hukuliuliza kabisa, nalo ndilo la haraka kuliko yote. Nitalifikia, lakini naomba tangu sasa Jumapili inayokuja usiongeze sauti ya amplifaya hiyo hata kidogo.

Nianze na Deacon. Alizaliwa Leicester, Uingereza, tarehe 19 Agosti 1951. Katika kikundi chake cha kwanza cha ujanani alikuwa akipiga gitaa la ridhimu, na alihamia besi kwa sababu nafasi hiyo ilibaki wazi na lazima mtu aijaze. Nakueleza hili bila kulificha, kwa kuwa mwenzako akilisikia atasema limemthibitisha yeye, na mimi naona linamkanusha. Mtu anayeweza kuhama chombo na kikundi kisitetereke ni mtu anayeusikia muziki mzima, si sehemu yake peke yake. Baadaye alikwenda London kusoma elektroniki katika Chelsea College, akahitimu mwaka 1971 kwa daraja la kwanza. Mwaka huohuo, akiwa na miaka 19, alijiunga na Queen.

Bendi hiyo ilikuwa na watu watatu ambao kila mmoja alikuwa na sauti kubwa, kwa maana zote za neno hilo. Kulikuwa na Freddie Mercury, ambaye sisi wa pwani hii tunamjua kama Farrokh Bulsara, mtoto aliyezaliwa Unguja mwaka 1946, ambaye familia yake ilihamia Uingereza mwaka 1964. Kulikuwa na Brian May kwenye gitaa na Roger Taylor kwenye dramu. Kabla ya Deacon walikuwa wamekwisha kupitia wapiga besi watatu, wote wakaondoka. Huyu wa nne alipoingia, kikosi hakikubadilika tena kwa miaka 20, hadi Mercury alipofariki Novemba 1991. Bendi huachana na mpiga besi asiye na kazi, nao walikuwa wameonyesha kwamba hawaoni taabu kufanya hivyo. Kwa huyu walibaki.

Sasa mchango wenyewe. *You're My Best Friend*, iliyotoka katika albamu yao ya mwaka 1975, aliitunga Deacon, na kinanda cha umeme unachokisikia humo kinapigwa na yeye mwenyewe, kwa kuwa Mercury hakukipenda chombo kile. *I Want to Break Free* ya mwaka 1984 ni yake pia. *Another One Bites the Dust* ya mwaka 1980, iliyokaa wiki tatu katika nafasi ya kwanza nchini Marekani, ni yake, na katika kuirekodi alipiga besi, gitaa la ridhimu na hata kinanda, Taylor akapiga dramu na May akaongeza milio ya gitaa. Na jambo ambalo mashabiki wengi wa magitaa hawalijui: katika miaka ya mwanzo Deacon aliokota mtaani kipande cha saketi kilichotupwa, akaunda kwacho amplifaya ndogo ya betri ndani ya kasha la spika ya mezani. May aliipenda sana sauti yake, akaitumia kurekodi magitaa yake yaliyopangwa tabaka juu ya tabaka hadi yakalia kama okestra. Kwa hiyo hata sehemu ya sauti ambayo dunia inamsifia mpiga solo ilitoka mikononi mwa mpiga besi.

Kuna wimbo mmoja ambao ni lazima niuseme kwa uangalifu, nao ni *Under Pressure*, uliorekodiwa na Queen pamoja na David Bowie huko Montreux, Uswisi, na kutoka mwaka 1981. Mstari wake wa besi, ambao kwa asili una sauti mbili tu, unatambulika duniani kote kabla mwimbaji hajafungua kinywa. May na Taylor wameueleza kuwa ni wa Deacon, lakini Deacon mwenyewe katika mahojiano alimpa sifa Bowie. Mimi nawaamini wale wawili. Nimekutajia ili uone ni mtu wa aina gani unayemuulizia: wengine wanamrudishia haki yake, naye anaisogeza kwa jirani. Ukijumlisha na kwamba yeye peke yake hakuimba katika zile sauti nene za kupandana zilizowapa Queen jina, utaelewa kwa nini kamera ilimpita.

Lakini kamera si sikio, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu umesema ulizisikiliza nyimbo hizo kwenye simu na besi hukuisikia. Wala hungeweza. Uzi mnene kuliko yote wa gitaa lako, ule wa E, ukipigwa wazi hutetemeka takriban mara 41 kwa sekunde, na unaofuata, wa A, mara 55. Ili spika itoe mtetemo wa polepole namna hiyo ni lazima isukume hewa nyingi, nayo spika ya simu haizidi ukubwa wa kisoda. Kwa kawaida hiyo huwa imekwisha kuishiwa nguvu chini ya mitetemo 200 au 300 kwa sekunde. Unachokisikia ni mitetemo midogo inayopanda juu ya ule mkubwa, yaani ile ya kasi iliyo juu ya kikomo hicho, kama ya mara 247, 288, 330 na kuendelea, na ubongo wako, kwa uwezo wa ajabu ambao umethibitishwa vizuri na wanasayansi wa usikivu, unakisia ile sauti ya chini isiyokuwapo. Unautambua mstari, ila uzito wake hauufikii mwili wako. Zaidi ya hayo, sikio la binadamu lenyewe huwa zito kwa sauti za chini muziki unapopigwa kwa sauti ndogo. Kwa hiyo kabla ya kumhukumu Deacon, tafuta spika ya maana, au hata visikizio vinavyoziba sikio vizuri, usikilize upya.

Anza na *Another One Bites the Dust*. Utasikia noti moja ikigongwa mara tatu, kila pigo likiachiwa nafasi yake, kisha jibu fupi, kisha inarudi. Usisikilize zile noti, sikiliza pengo kati yao. Deacon anakata kila noti kwa wakati wake, haiachi ikavuma hadi ikaigonga nyingine, na pengo lile ndilo linalofanya miguu ya msikilizaji iende. Alikuwa amevutiwa na muziki wa dansi wa Wamarekani weusi, hasa kundi la Chic ambalo mpiga besi wake alikuwa Bernard Edwards, na hakuona aibu kujifunza kutoka nje ya roki. Kisha nenda kwenye *You're My Best Friend*. Humo besi haikai chini ikihesabu mapigo. Inatembea, inapanda mwimbaji anapomaliza mstari, inamjibu, halafu inashuka kumpokea anapoanza tena. Mwishowe tafuta *The Millionaire Waltz* ya mwaka 1976, ambayo mwanzoni mwake besi na kinanda vinazungumza kama watu wawili. Baada ya nyimbo hizo tatu sidhani utaandika tena kwamba yupo yupo tu. Na ukipata nafasi, msikilize kwa spika hiyohiyo Tommy Malanga wa Les Wanyika, utaona kwamba jambo hili halina mipaka ya roki wala ya Uingereza.

Kwa nini basi watu hawakusemeshi? Sikio la msikilizaji wa kawaida hufuata sauti ya juu kabisa katika mkusanyiko. Ndivyo tulivyo, na ndiyo maana katika kwaya mtu akitoka kanisani anaondoka akiimba soprano. Besi kazi yake ni kubadilisha maana ya kile kinachosikika juu, na aliyebadilishiwa maana hajui nani kambadilishia. Usinikubalie kwa maneno matupu. Mwombe mpiga kinanda wenu ashike kwa mkono wa kulia *do, mi, so* na asizisogeze. Wewe piga *do* ya chini: utasikia utulivu, kama mtu aliyefika nyumbani. Sasa yeye aendelee kushika vilevile, wewe shuka upige *la*. Mkono wake haujasogea hata kidogo, lakini wimbo umeingia huzuni. Piga *fa*, na utausikia ukining'inia ukingoja kupelekwa mahali. Kidole chako kimoja kimezipa noti zake zilezile maana tatu bila yeye kufanya lolote, na waumini waliokaa kwenye mabenchi wangemsifu yeye.

Kosa la pili ninalotaka kukurekebisha ni kudhani kwamba kutosikika kunaponywa kwa kuongeza sauti. Mara nyingi katika makanisa yetu mgomvi wa mpiga besi ni mkono wa kushoto wa mpiga kinanda. Yeye kajifunza kupiga peke yake, kwa hiyo mkono wake wa kushoto unajaza besi, na wewe unapiga besi palepale. Sauti mbili za chini zikikaribiana hazijumlishiki zikawa moja nzuri, zinavurugana zikawa mvumo. Ukiongeza sauti, mvumo unaongezeka. Zungumza naye faraghani, kwa heshima, siku ya mazoezi wala si dakika tano kabla ya ibada, umwombe mkono huo aupandishe juu au aupumzishe katika ubeti mmoja, kisha msikilize pamoja tofauti yake. Nimeona vikwaya vikibadilika siku moja kwa jambo hili tu.

Vilevile tazama amplifaya yako imekaa wapi. Ikiwa sakafuni na karibu na kona, kuta zinaikuza sauti ya chini hadi jengo zima linanguruma, ilhali wewe uliyesimama mbele yake unapigwa magotini na sauti safi inapita chini ya masikio yako. Inyanyue juu ya kiti imara au iinamishe ikutazame usoni. Punguza kitufe cha sauti za chini, ongeza kidogo kile cha katikati. Najua inaonekana kinyume, kupunguza besi kwenye gitaa la besi, lakini sikio hutambua noti kwa ile sehemu ya katikati. Halafu kaa karibu na mpiga dramu, uangalie mguu wake unaopiga dramu kubwa, na muafikiane kwamba pigo lake na noti yako vitue pamoja na noti yako ikome mahali mlipokubaliana. Deacon na Taylor walifanya kazi hiyo kwa miaka 20, na haikuhitaji sauti kubwa, ilihitaji masikio mazima.

Sasa masikio yenyewe. Ndani kabisa ya sikio kuna chembe zenye vinyweleo vidogo vinavyopokea mitetemo na kuipeleka kwenye ubongo. Zikipigwa na sauti kubwa kwa muda mrefu huchoka, zikizidiwa hufa, na kwa binadamu zilizokufa hazioti tena. Mvumo unaoondoka nao ibadani ni dalili kwamba zimezidiwa siku hiyo. Kwamba unaisha jioni ni jambo la kushukuru, lakini usilichukulie kama ushahidi kuwa hakuna madhara. Kipimo kinachotumiwa sana na wataalamu wa afya kazini kinaweka ukomo wa desibeli 85 (desibeli ni kizio cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu, hivi kwamba kwenye desibeli 100 umebakiwa na dakika 15 tu. Dramu na amplifaya katika ukumbi mdogo wenye bati na kuta tupu hufika huko kwa urahisi. Ongeza umbali kutoka kwenye matoazi, punguza sauti kama nilivyosema, na uvae vizibo vya masikio vya sifongo, ambavyo maduka mengi ya dawa huviuza. Pamba haitoshi. Siku za kwanza utaona muziki umefunikwa blanketi, kisha utazoea.

Lakini yapo ambayo siwezi kuyatibu kwa maandishi. Mvumo ukikaa zaidi ya siku mbili, ukiwa katika sikio moja tu, ukifuatana na kizunguzungu, maumivu au usaha, au ukianza kuona watu wanaongea kana kwamba wako mbali, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, na uombe upimwe usikivu. Hospitali ya rufaa ya mkoa ndipo pa kuanzia. Usikivu ukipotea ghafla, hata kama ni sikio moja na haliumi, nenda siku hiyohiyo au kesho yake, kwa kuwa tiba ya hali hiyo hufaa zaidi inapoanza mapema. Na usitie mafuta wala matone ya dukani kabla ya kuchunguzwa.

Limebaki swali la kuhamia solo, nalo nitakujibu kwa ukweli ingawa mimi ni mpiga besi na ningependa ubaki. Solo inalipa kwa namna ambayo besi hailipi: utasifiwa, utaalikwa kwingine kwa haraka zaidi, na ukiikosea noti watu watajua ni wewe, jambo ambalo kwa baadhi ya watu ni raha na kwa wengine ni mateso. Ikiwa unapolala unasikia kichwani ile milio ya juu na vidole vinaitafuta, basi jifunze solo na hakuna atakayekulaumu. Ikiwa unasikia wimbo mzima na unajiuliza kwa nini ubeti wa pili umepwaya, wewe ni mpiga besi, na kuhama kwa sababu ya maneno ya mtu mmoja kutakuumiza baadaye. Ipo njia ya tatu, ambayo ndiyo ya Deacon: baki kwenye besi na ujifunze gitaa la kawaida na kinanda pembeni. Hakuzitunga zile nyimbo kwa besi peke yake. Tafuta mtu wa kukufundisha ana kwa ana, hata mara mbili kwa mwezi, maana mkono uliokaa vibaya mimi siwezi kuuona kutoka hapa, na miaka mitatu ya kujifundisha peke yako huwa imeacha tabia moja au mbili ambazo wewe huzihisi.

Sitakuficha kwamba maisha ya pembeni yana gharama. Baada ya kifo cha Mercury, Deacon alishiriki tamasha la kumkumbuka katika uwanja wa Wembley mwezi Aprili 1992, akapanda jukwaani mara chache tena, na mara ya mwisho ilikuwa Paris mwezi Januari 1997. Alirekodi wimbo mmoja zaidi na wenzake mwaka huo, kisha akaacha muziki. Queen walipoingizwa katika Jumba la Heshima la Roki nchini Marekani mwaka 2001 hakwenda, na katika ziara ambazo May na Taylor wamefanya tangu 2005 pamoja na waimbaji wengine, hayumo. Wapo wanaosema alikimbia. Mimi naona alikuwa amejenga kazi yake yote chini ya sauti ya mtu mmoja, na sauti hiyo ilipokoma hakuona sababu ya kuishikilia nyingine. Wenzake wameheshimu uamuzi huo, nami pia.

Kwa hiyo fanya hivi kwa mwezi mmoja kabla ya kuamua lolote. Mwombe mtu mmoja akae benchi la nyuma kabisa na arekodi ibada, na katika wimbo mmoja wewe nyamaza ubeti wa pili, urudi kwenye kiitikio. Usimwambie mtu. Sikiliza rekodi hiyo nyumbani kwa spika nzuri, uangalie wanakwaya wanafanya nini unaponyamaza na wanafanya nini unaporudi, kisha niandikie ulichokisikia. Na ukienda kwa daktari, mweleze unasimama umbali gani na amplifaya na dramu, kwa saa ngapi na mara ngapi kwa wiki, mazoezi yakiwamo, kwa maana hayo ndiyo atakayotaka kuyajua kwanza.